Sweta la Juni Hufumwa Januari

Kaskazi ikishashika, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazikaliki. Saa nane mchana bati linalia kwa joto, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, na yule mama aliyekuwa akifuma barazani tangu Julai ameshatia sindano na uzi mfukoni, mfuko ameusukuma uvunguni. Ukimuuliza atakujibu, "Nani ashike sweta na joto hili?" Ana haki ya kusema hivyo. Ila mfuko ule hautatoka uvunguni mpaka masika yakaribie kwisha, na hapo ndipo wateja watakapomjia kwa mpigo, kila mmoja akitaka mzigo wake wiki ijayo.

Nawaandikia wafumaji wa pwani, wa sindano mbili na wa kroshia, wanaofuma kwa riziki na wanaofuma kwa kupenda tu. Joto halikatazi kufuma. Linakataza kupakata. Kinachotushinda Januari ni lile furushi la kazi lililolala mapajani kama paka, linaloongezeka uzito kila siku na kutupikia miguu. Ukiweza kuliondoa furushi hilo mapajani, kazi inaendelea mwaka mzima.

Kwanza tazama kalenda, maana ndiyo inayolipa. Nchini Tanzania wanafunzi wa kidato cha tano huripoti shuleni Julai, na majina ya waliochaguliwa hutoka wiki chache tu kabla. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Temeke, ambaye hajawahi kumiliki hata soksi nzito, anajikuta amepangiwa Makete, Njombe au Mbeya katika miezi ya baridi kuliko yote. Kwenye uwanda wa Kitulo miezi hiyo umande huganda majanini. Mzazi wake hana muda wa kusubiri. Anataka kitu kilichokwisha kufumwa. Kwa upande wa Kenya ni vivyo hivyo: Julai ya Limuru haina mzaha, na aliyeko Mombasa mwenye ndugu huko anajua zawadi inayothaminiwa ni ipi. Sasa hesabu kurudi nyuma. Sweta la mtu mzima kwa mkono ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu mwenye watoto na jiko la kuangalia. Ukianza Mei utamaliza mawili, pengine matatu. Ukianza Januari, hata kwa mwendo wa kinyonga, Juni inakukuta na mzigo.

Nionye jambo moja hapo. Sweta la sare linalofumwa kwa mashine utalikuta dukani kwa bei ambayo mikono yako haiiwezi, na usijaribu kushindana nayo. Uza kile mashine isichokitoa vizuri: kofia inayofunika masikio, soksi nene za kulalia, skafu, kizibao cha mtoto, sweta la saizi ya mtu ambaye maduka yamemsahau, mrefu au mnene. Bahati nzuri, karibu vyote hivyo ni vidogo, na vidogo ndivyo vinavyotakiwa msimu huu.

Kuhusu umbo la kazi, pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu. Mtazame mwanamke anayesuka mkeka. Hapakati mkeka. Anasuka ukili, utepe mwembamba anaouviringisha kando yake kadiri unavyorefuka. Anatembea nao, anakwenda nao msibani, anasuka huku anazungumza. Mkeka wenyewe hauonekani mpaka siku ya kushona kili pamoja. Sweta nalo lifume hivyo hivyo. Anza na mikono. Mkono wa sweta ni kipande kinachoenea kiganjani kwa siku nyingi kabla hakijafika mapajani. Ukimaliza miwili, fuma kipande cha mbele kwa nusu mbili ikiwa ni sweta la vifungo, kisha mifuko na ukosi. Mgongo, ambao ndio mpana, uache mwisho, masika yakishaanza kupoza hewa. Wale mliozoea sweta lisilo na mshono, linaloanzia shingoni na kushuka kwa mzunguko hadi kiunoni, liacheni hilo hadi Juni. Ni zuri, lakini linataka kupakatwa tangu kwapani hadi mwisho.

Blanketi nalo ni hivyo. Blanketi la kitanda kikubwa linaweza kula zaidi ya kilo nzima ya uzi, na hakuna anayetaka kilo ya akriliki mapajani Februari. Fuma miraba. Mraba mmoja wa kroshia unakwisha kwenye foleni ya benki au ukingoja zamu ya kusukwa saluni, unautia kwenye boksi na kuanza mwingine. Waunganishaji wazuri hawaungi mraba hata mmoja mpaka yote iwe tayari, maana ndipo unapoweza kuipanga sakafuni na kuona rangi zinavyoongea.

Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuwa mwalimu wa wafumaji wengi wa karne iliyopita, alitoa mwaka 1974 kitabu kiitwacho Knitter's Almanac, ambamo kila mwezi wa mwaka una kazi yake. Mei aliweka glovu zisizo na vidole, kwa ajili ya baridi itakayokuja. Julai, ambayo huko kwao Wisconsin ni kiangazi, aliweka shali ya duara. Unaanza na vitanzi 9 katikati, vinakuwa 18, kisha 36, 72, 144, 288, hadi 576, na kati ya ongezeko moja na jingine huhesabu chochote, unazunguka tu. Wazo lake nalikubali kabisa: fuma ya baridi wakati wa joto, na kichwa kilichochoshwa na jua kipe kazi isiyotaka hesabu. Shali yenyewe naikataa. Ni nyepesi, kweli, lakini vitanzi 576 vilivyorundikana kwenye waya mmoja, Mombasa, mwezi wa pili, ni kujitafutia.

Waya huo nao nisiupite. Sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa waya wa plastiki zinafaa hata kwa anayefuma kipande bapa cha kwenda na kurudi. Uzito wa kazi unakaa kwenye waya badala ya kuning'inia kwenye vifundo vya mikono, na ndani ya daladala humchomi jirani mbavu.

Sasa uzi. Mwingi unaouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya mitaani ni akriliki, zao la mafuta ya petroli. Bei yake inabebeka, rangi tele, na nondo hawaugusi. Kasoro yake kwa msimu huu ni kwamba haunywi jasho. Sufu halisi ya kondoo inaweza kufyonza unyevu wa hadi asilimia 30 hivi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa. Akriliki hufyonza kidogo mno, kwa hiyo jasho linabaki juu ya uzi na juu ya kidole, na vitanzi vinaanza kugoma kwenye sindano. Ukiweza kupata uzi uliochanganywa na pamba, kaskazi ndiyo wakati wake.

Pamba tupu ni baridi mkononi na ndiyo ningemshauri mtu yeyote wa pwani ajifunze kuizoea, lakini ina tabia zake. Haina mvutiko. Kitanzi cha akriliki ukikivuta kinarudi. Cha pamba kinabaki ulipokiacha. Tena ni nzito, na nguo ya pamba ikining'inia inashuka kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo tumia sindano nyembamba kidogo kuliko uliyozoea, fuma kipande cha majaribio, kifue, kitundike kwa vibanio usiku kucha, ndipo upime. Kipimo kilichochukuliwa kabla ya kufua usikiamini. Na usikimbilie kutengeneza sweta la pamba. Mfuko wa kwendea sokoni, dodoki la kuogea, kitambaa cha kufutia vyombo, kizibao chembamba cha mtoto chenye matundu, hivyo ndivyo pamba inavyovipenda. Vipo pia vitambaa vya makochi, vya uzi mwembamba na kroshia nyembamba, ambavyo vijana wanavicheka na kila sebule inavyo. Kitambaa cha kochi ni kazi inayokaa yote ndani ya viganja viwili, na sioni kazi ya kufuma inayolifaa joto la pwani kuliko hiyo.

Nije kwenye mikono, maana hapa ndipo kazi nyingi za Januari zinapoharibikia bila mwenyewe kujua. Angalia kidole cha shahada cha mkono unaoongoza uzi. Asubuhi uzi unateleza juu yake bila kuhisiwa. Ikifika saa tano jasho limejaa kwenye mkunjo wa kidole, uzi unanasa kidogo, mkono unauvuta kwa nguvu kulipiza, na kitanzi kinabana. Hakuna kinachoonekana. Mstari ule na mistari ya asubuhi inafanana machoni. Lakini tuseme kipimo chako cha asubuhi kilikuwa vitanzi 20 kwa sentimita 10, na cha mchana kimekuwa 22. Sweta la vitanzi 200, lililokusudiwa kifua cha sentimita 100, litatoka na 91. Huyo mteja hataingia. Mbaya zaidi ni sweta lililofumwa nusu asubuhi na nusu mchana, linalopinda ubavuni na kukufanya umlaumu muuza uzi.

Dawa yake ni kugawa kazi kwa saa. Kile kinachotaka vipimo, yaani mgongo, kifua, mabega, kifume asubuhi mikono ikiwa mikavu. Mchana, ukiwa lazima ufume, shika kitu ambacho sentimita mbili hazikidhuru: dodoki, skafu, mraba. Weka karibu bakuli la maji, sabuni na taulo dogo, na kila ukihisi uzi unanata, nawa na ukaushe mpaka katikati ya vidole. Poda inasaidia kwa uzi mweupe. Kwenye uzi mweusi au wa bluu iliyokolea inaacha vumbi. Mafuta ya nazi na losheni vingoje mpaka umalize, kwa sababu doa la mafuta kwenye akriliki ni mgeni asiyeaga. Mapajani tandika kanga iliyokunjwa mara nne. Inanyonya jasho la miguu na kuizuia kazi isigusane na ngozi.

Sindano nazo hazistahimili jasho sawasawa. Za alumini ambazo rangi yake imechubuka huacha weusi kwenye uzi mweupe mikono ikilowa. Wanaofumia spoku za baiskeli, na ni wengi kuliko wanaokiri, wajue kuwa chuma na hewa ya chumvi havipatani: zikifutwa kila jioni kwa kitambaa kikavu zinadumu, zikiachwa ndani ya kazi kwa wiki mbili zinaacha mstari wa kutu ambao hautoki. Mianzi inafyonza jasho na haipati joto mkononi, ila ikivimba kwa unyevu inakwaruza. Msasa laini kabisa unaitengeneza kwa dakika chache. Hata vijiti vya mishikaki vya mwanzi vikisuguliwa vizuri ncha na mwili vinafaa kwa soksi na kofia za watoto, na bei yake haimuumizi mtu.

Saa nzuri za kufuma pwani msimu huu ni mbili. Ya kwanza ni tangu kunapopambazuka hadi kama saa tatu, kabla ukuta haujapata moto. Ya pili ni baada ya Isha, barazani, watu wakipunga upepo. Zinatofautiana kwa mwanga, kwa hiyo gawa na rangi: uzi mweusi, maruni na bluu ya sare ufume asubuhi, mweupe na rangi za mwanga uache kwa usiku. Kutafuta kitanzi kilichoponyoka kwenye uzi mweusi chini ya taa hafifu, umeme ukikatika na kurudi, ni kujiumiza macho bure. Feni ielekeze miguuni, isipulize uzi na karatasi ya hesabu zako. Miguu kwenye beseni la maji ni ushauri wa kizee na ni wa kweli, mradi bonge la uzi liwe upande wa pili wa kiti.

Miaka hii Ramadhani imeangukia kwenye joto hili hili. Anayefunga asijipangie kazi ya hesabu alasiri. Kati ya daku na jua kuchomoza kuna muda mtulivu, na mistari michache ya wakati huo ni safi kuliko ya mchana mzima.

Nizungumzie watoto wachanga, kwa sababu nguo zao ndizo zinazofumwa zaidi miezi hii. Kuzaa hakungoji kipupwe. Siku za mwanzo baada ya kuzaliwa wahudumu wa afya wenyewe hutaka kichwa cha mtoto kifunikwe, na kofia ndogo ya kufumwa ni zawadi inayotumika. Baada ya hapo bibi atasisitiza kofia, soksi, sweta na blanketi juu, Februari, ndani ya chumba cha feni moja. Mtoto hajui kujifunua. Gusa shingo na mgongo wake. Ukikuta jasho, punguza nguo hata kama bibi amekununia. Sisi wafumaji tunaweza kumaliza ugomvi huo kwa kufuma vitu vyepesi: pamba, matundu mengi, vifungo mbele vya kufungua haraka. Bibi anaona sweta, mtoto anapata hewa.

Uhifadhi wa kazi iliyokwisha au inayosubiri una maadui watatu. Ukungu unakuja na masika, nondo wako mwaka mzima, na panya hawajali msimu: uzi laini kwao ni godoro. Kazi yenye jasho ndiyo inayowaita, kwa hiyo chochote unachokiweka zaidi ya wiki chache kifuliwe kwanza, kikaushwe kivulini kikiwa kimelazwa bapa, na kiingie kwenye kabati kikiwa kikavu kabisa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, wafumaji walilalamika kupoteza mfuko wa uzi. Kwa afya ya uzi ilikuwa heri. Mfuko wa kitambaa unapumua, wa plastiki unafuga unyevu. Kwa panya tumia ndoo yenye mfuniko, lakini uifungue mara kwa mara.

Wanaokula si nondo wenyewe bali viwavi wao, na chakula chao ni sufu na manyoya. Majani makavu ya mwarobaini na karafuu yanawafukuza kwa kiasi, hayawaui. Mwenye sufu halisi na friza aifunge vizuri kwenye mfuko usioingiza hewa na kuiacha humo wiki mbili. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini viwe mbali na nguo za watoto wachanga, mbali kabisa. Mvuke wake ni sumu, na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyoenea kwenye ukanda wa malaria kama wetu, unaweza kuharibu chembe nyekundu za damu.

Kutakuwa na wiki ambazo hutafuma hata mstari, na hakuna dhambi. Jambo la kufanya ni kuiweka kazi vizuri. Usiache vitanzi kwenye sindano. Vipitishe kwenye uzi wa pamba wa rangi nyingine, ufunge ncha zake. Kisha andika kwenye kikaratasi, ukibane hapo hapo kwa pini: sindano ya ngapi, mstari wa ngapi, umebakiza nini, na jina la mteja. Andika kana kwamba unamwandikia mtu mwingine. Pamoja na hicho weka lebo ya uzi, maana namba ya mtungo wa rangi iliyo juu yake ndiyo utakayokwenda nayo dukani ukipungukiwa. Mabonge mawili ya bluu ile ile ya mitungo tofauti yanaonekana ndugu dukani na yanakanana juani. Ni salama zaidi kununua uzi wote wa sweta siku moja, hata kama kazi yenyewe itachukua miezi.

Mei mvua zikipungua, toa vipande vyote, vifue pamoja kwa maji yale yale, hata vile unavyodhani ni safi, kwa sababu vya Januari vina jasho na vya Aprili havina, na tofauti hiyo huonekana vikishaungana. Usipige pasi akriliki. Inalegea na haitarudi. Vilaze juu ya taulo, vivute kwa mkono hadi vipimo vikubaliane, vikauke. Unga juu ya meza. Anza mabega, fuata mikono, kisha ubavu kutoka pindoni kupanda kwapani kwa uzi ule ule wa sweta, bila kuukaza. Shingo iache mwisho, na uifunge mteja akiwa mbele yako, kwa sababu kichwa cha mtu hakipimwi kwa kukadiria.